Paka Aliyemkimbia Elmina

Katika Kambi ya Nne walimwita Mama Mbona. Jina lake la ubatizo lilikuwa Elmina, na kwa kuwa mtoto wake wa kwanza aliitwa Nyamwange, waliomheshimu walimwita Mama Nyamwange. Lakini wale waliochuma naye majani katika mashamba ya chai juu ya Mogogosiek walishazoea lile la Mbona, na yeye hakulikataa. Alilipata mwaka wa 1983, siku alipotua kapu lake mbele ya meneja na kuuliza mbona Msabato achume majani siku ya Sabato ilhali Mkatoliki hachumi Jumapili. Meneja hakuwa na jibu. Nyapara wa wakati ule alikuwa nalo, nalo lilikuwa kumfukuza. Elmina alirudi kesho yake akauliza swali lile lile kwa sauti ile ile, na kesho kutwa tena, mpaka ikaonekana ni rahisi kumpa Jumamosi yake kuliko kuendelea kumsikiliza. Tangu hapo Wasabato wote wa kambi wakawa wanachuma Jumapili na kupumzika Jumamosi, na wengi wao hawajui kwamba haki hiyo ilianza na mwanamke mmoja na kapu lake.

Alikuwa ametoka Nyamira na mumewe Ombui wakiwa bado vijana, wakipanga kukaa miaka miwili. Miaka miwili ikawa kumi na minane. Ombui alifanya kazi kiwandani, kwenye sehemu ya kukausha majani, akiingia alfajiri na kutoka saa nane mchana. Watoto walikua wakaondoka, Nyamwange akaolewa huko Keroka, na chumba kile cha kambi kilichokuwa kidogo mno kikawa ghafla na nafasi ya panya.

Paka alitoka kwenye ghala la mbolea, nyuma ya banda la kupimia majani. Alikuwa jike, wa kijivu, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyeamshwa kwa kelele. Wanaume wa ghala walimchukia kwa sababu aliiba samaki kwenye vyombo vyao vya chakula cha mchana. Mara mbili walimtia ndani ya gunia la mbolea, wakalizungusha hewani ili asijue anakoelekea, wakaenda kumtupa ng'ambo ya mto. Mara mbili alirudi, mara ya pili sikio moja likiwa limechanika. Mwezi wa Februari mwaka 1995, Elmina akiwa kwenye foleni ya mizani, aliwasikia wakizungumza juu ya kamba na jiwe.

"Mbona mumwue," akauliza, "na mimi nyumbani nina panya wanaokula hadi sabuni?"

"Mchukue, Mama Mbona. Lakini usije ukaturudishia."

Wakamkamata, wakamtia ndani ya gunia, wakamkabidhi. Na Elmina, kwa kuwa ndivyo watu wote wa kambi walivyohamisha paka, alilizungusha gunia lile mara tatu kabla ya kushika njia. Alilizungusha polepole, kwa nia njema. Alitaka paka asahau ghala.

Nyumbani alipolifungua gunia, paka alipita kama maji yaliyomwagwa, akaingia chini ya kitanda, na hakuonekana kwa siku tatu. Kwamba aliogopa, hilo lilieleweka. Lililomshinda Elmina kuelewa ni lile lililofuata. Baada ya mwezi mmoja paka alikuwa ameanza kuzoea watu, watu wote isipokuwa yeye.

Ombui akitoka kazini aliketi kwenye kigoda mlangoni, akanyoosha miguu, akawasha redio. Paka alikuja akaketi hatua nne kutoka kwake. Wiki iliyofuata hatua mbili. Kufikia Aprili alikuwa akilala juu ya viatu vyake. Chepchirchir, jirani yao Mkipsigis aliyekuwa na ng'ombe wawili nje ya ua la shamba na kuwaletea maziwa, alijiwa na paka aliyejisugua kwenye sketi yake. Lakini Elmina, aliyempakulia omena kila asubuhi, aliyemwosha kidonda cha sikio kwa maji ya chumvi siku zile paka amejibanza chini ya kitanda, Elmina akirudi saa kumi jioni kutoka shambani, kabla hajafika hata kwenye kamba ya kuanikia nguo, paka alikuwa ameshapanda ukuta wa jikoni na kujificha kwenye ule uwazi ulio chini ya bati.

"Unamfanyia nini?" alimuuliza mumewe.

"Simfanyii kitu."

"Lazima kuna kitu, Baba Nyamwange."

"Mimi nimekaa tu. Miaka yote hii unanilaumu eti ninakaa tu. Leo kumbe ni ufundi."

Elmina hakucheka. Alimtazama paka, aliyekuwa akimtazama kutoka kule juu, macho mawili gizani. Hakuwa na hasira naye. Alikuwa na ile njaa yake ya zamani, iliyomfanya mwalimu wa darasa la nne amwambie akae chini: alitaka kujua.

Katikati ya Mei kutaka kujua kukawa lazima. Asubuhi moja kabla ya kuingia mashambani, nyapara Kipruto aliwakusanya wachumaji wote. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimezuka kwenye shamba jirani, watu wawili wameumwa. Daktari wa mifugo angekuja tarehe kumi na tano Juni, kwenye banda la mizani. Kila mwenye mbwa au paka amlete, achanjwe, apewe kadi. Kesho yake nyama yenye sumu ingewekwa kambi nzima kwa ajili ya wale waliosalia, na waliochanjwa wangefungiwa ndani siku hiyo.

"Mnyama asiyekuja na mwenyewe," Kipruto alisema, "huyo hana mwenyewe."

"Na kama anaye," Elmina akauliza, "lakini hakubali kushikwa?"

"Sasa hapo mwenyewe ni nani, Mama Mbona?"

Watu walicheka, na Kipruto naye alicheka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyepewa orodha. Elmina alijitwika kapu akaingia kwenye safu yake. Siku hiyo mikono yake ilichuma yenyewe, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, huku akilini anazungushwa na swali alilorushiwa. Kwa mara ya kwanza mtu mwingine alikuwa ameuliza, na yeye ndiye aliyekosa jibu. Alikuwa na mwezi mmoja. Paka yule asiposhikwa mkononi mwake tarehe kumi na tano, atakufa tarehe kumi na sita, na Elmina atakuwa amemwokoa kwenye jiwe la mtoni ili amlete kwenye nyama ya sumu.

Ombui, kusema kweli, alijitolea siku ile ile. Paka alipolala juu ya viatu vyake aliinama akamnyanyua. Alitoka na mistari mitatu ya damu mkononi, na paka hakuonekana mpaka kesho.

"Miguu yangu anaitaka," alisema akijipangusa. "Mikono hapana."

Kumvizia na kumkamata kwa nguvu nako hakukufaa. Kule chini ya bati kulikuwa na njia ya kutokea nje, na nje kulikuwa na chai, vilima kwa vilima vya chai. Paka akiingia humo amekwenda.

Jumamosi hiyo, Elmina aliporudi kutoka ibadani akiwa na gauni lake jeupe na Biblia mkononi, alimkuta paka amelala katikati ya njia, juani. Alisimama. Paka aliinua kichwa. Alimtazama Elmina kwa muda, akakirudisha kichwa chini. Elmina alimpita kwa upande, hatua tatu tu kutoka kwake, akaingia ndani.

"Umeona?" alimnong'oneza Ombui.

"Nimeona. Na Jumamosi iliyopita pia hakukukimbia, nilidhani umemwona."

"Mbona leo?"

Ombui alifikiri. "Labda ni Msabato."

Kichekesho hicho kilizunguka kambi nzima kabla ya jua kutua. Jumatatu wachumaji walikuwa wakimuuliza Elmina kama paka wake ameshalipa zaka. Lakini Elmina alikuwa amekichukua kichekesho kile akakigeuza upande wa pili. Kama Jumamosi hamwogopi na Jumatatu anamwogopa, basi anayeogopwa si Elmina. Ni kitu ambacho Elmina anacho Jumatatu na hanacho Jumamosi. Akaamua kukitafuta kama mtu anavyotafuta mawe kwenye maharagwe, moja baada ya jingine.

Alianza na sabuni. Ijumaa jioni, kuikaribisha Sabato, alikuwa akioga kwa sabuni ya kunukia, na siku nyingine kwa ile ya kipande ya kufulia. Jumanne alitoka kuoga kambini asubuhi akinukia kama bibi harusi, akaenda kuchuma, akarudi. Paka alikwenda zake juu ya ukuta.

Jumatano alivua gambuti zake mlangoni kwa Chepchirchir akatembea miguu mitupu hadi kwake. Paka alikwenda zake.

Alhamisi alishughulikia mikono. Mtu anayechuma majani hubeba utomvu mweusi vidoleni ambao haukubali maji. Aliusugua kwa jivu na ndimu kwenye bomba la kambi mpaka ngozi ikawaka moto. Aliporudi nyumbani paka hakungoja hata kuinusa kazi ile.

"Shida ni macho," Chepchirchir alimwambia, akiwa ameegemea ua na chupa ya maziwa mkononi. "Unamkodolea. Hata mimi ungeniangalia hivyo ningepanda ukuta."

"Na Jumamosi simkodolei?"

"Jumamosi unaangalia mbinguni."

Elmina alilijaribu hilo pia. Alirudi kutoka kazini akiwa ameinamisha uso, akitazama vidole vya miguu yake, akamkanyaga kuku wa watu. Paka alikwenda zake.

Wiki iliyofuata alijaribu gauni jeupe. Jumanne alirudi kutoka shambani, akaingia chumbani, akabadilisha, akatoka nje amevaa kama mtu wa kwaya. Lakini paka alikuwa ameshajificha tangu alipomsikia akija, na hakushuka. Aliyemwona ni mke wa mlinzi, akaja mbio kuuliza nani amekufa. Elmina aliketi kwenye kigoda cha Ombui katika gauni lile jeupe, kapu limelala pembeni, na kwa mara ya kwanza akahisi uchovu. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku mbili.

"Baba Nyamwange," alisema, "wewe hutaki kujua?"

"Kujua nini?"

"Mbona ananiogopa."

Ombui alipunguza sauti ya redio. "Nadhani mimi hanikimbii kwa sababu sitaki chochote kutoka kwake. Akija sawa, asipokuja sawa. Wewe unamtaka sana. Hata mimi ulipokuwa unanitaka sana niliogopa."

"Ni wewe uliyekuwa unanitaka."

"Basi ndiyo maana ulichelewa kukubali."

Maneno hayo yalimkaa. Alianza kuketi chini badala ya kusimama, mgongo ukielekea kule paka alikojificha, akifanya kazi nyingine. Hayakuondoa swali, lakini yalimpa namna ya kungoja.

Tarehe mosi Juni ilikuwa Sikukuu ya Madaraka. Hakuna aliyechuma. Ilikuwa Alhamisi, si Sabato, na Elmina alikuwa na rinda kuukuu lenye doa la ndizi, hakuoga kwa sabuni ya kunukia, hakuinamisha uso. Aliketi chini mlangoni akichambua mboga za saga. Paka alishuka ukutani mwenyewe. Alikuja akipita kando kando ya ukuta, akasimama, akaja tena. Alifika mahali ambapo Elmina angenyoosha mkono angemgusa, akalala hapo, akaanza kujilamba.

Elmina aliendelea kuchambua. Ndani alikuwa akihesabu. Si siku, basi. Si gauni. Si sabuni, si macho. Mikono bado ina utomvu wa jana. Gambuti hizo hapo, ziko kando ya mlango, na paka amezipita bila kuzitazama. Kapu nalo limeegemea ukuta, paka amelisugua kwa shavu. Kulikuwa na nini tena?

Mboga zikaisha. Akakumbuka kwamba aproni yake ilikuwa imechanika kiunoni, na kesho ni kazi. Akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akaitoa kwenye msumari ili aishone.

Wachumaji wote walivaa aproni za namna moja. Asubuhi michai imelowa umande hadi kiunoni, na mwenye kuingia humo bila kitu cha kuzuia maji anashinda kutwa nzima na nguo mbichi. Shamba halikuwapa chochote cha kujikinga. Kwa hiyo walijikinga wenyewe, kwa gunia la mbolea, lile la nailoni jeupe, likapasuliwa upande mmoja na kufungwa kiunoni kwa kamba. Lilipotikisika lilitoa mlio mkavu, kama mtu anayekunjakunja gazeti.

Lilitoa mlio huo. Elmina alipogeuka, mahali pa paka palikuwa patupu, na juu kwenye bati kulisikika kucha zikikimbia.

Aliketi na gunia mapajani kwa muda mrefu. Chepchirchir alipopita na maziwa alimkuta hivyo.

"Nini tena?"

"Nimekijua," Elmina alisema.

"Ni nini?"

Elmina alilitikisa gunia. "Walimtupa ndani ya hili. Mara mbili. Halafu mara ya tatu nikambeba mimi, nikamzungusha kwa mkono wangu, nikamleta hapa. Halafu kila siku ya Mungu ninarudi nimelivaa."

Chepchirchir alitazama gunia, akatazama bati. Hakuwa na utani wa hilo. "Hukujua," alisema hatimaye.

"Yeye alijua. Alikuwa ananiambia kila siku saa kumi."

Kuanzia kesho yake aproni ya Elmina ililala kwa Chepchirchir. Alipita huko alfajiri kuivaa, akapita jioni kuivua, na Chepchirchir akaeneza habari kwamba mke wa Ombui siku hizi anavulia nguo nyumba za watu. Siku ya kwanza Elmina aliporudi akiwa na rinda tupu, paka alikuwa juu ya viatu vya Ombui. Masikio yalisimama. Mwili mzima ulijivuta nyuma, tayari. Elmina alisimama pale pale kwenye kamba ya nguo, mikono ikining'inia. Paka alisikiliza. Alisikiliza kwa umakini ambao Elmina aliutambua, kwani ulikuwa wake mwenyewe: umakini wa mtu anayejaribu kuhakikisha jambo. Kisha, polepole, masikio yakalegea.

Siku ya tatu alikula omena Elmina akiwa amesimama karibu. Siku ya sita alikula kutoka kiganjani. Ulimi wake ulikuwa mkavu na wa kukwaruza kama jani la msasa, na Elmina alishangaa kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kuwa na ulimi wenye bidii hivyo. Alianza kuuliza mambo mengine. Mbona anapepesa macho taratibu anapotazamwa? Alimpepesea naye, paka akarudisha. Mbona anapenda kukunwa shavuni na si tumboni? Sabato ya tarehe kumi aliruka mwenyewe akalala mapajani mwa gauni jeupe, na Elmina hakuinuka kupika mpaka Ombui alipojipikia uji, akaunguza.

Lakini kulala mapajani si kushikwa. Jumatano, siku moja kabla, ndipo alipothubutu kumwinua. Aliweka mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya nyonga, akasimama naye. Paka akawa mgumu kama kuni. Elmina alihesabu pumzi tano, akamshusha kabla hajaomba kushushwa. Akamwinua tena, pumzi nane.

Jioni hiyo Kipruto alipita akitangaza. Kesho kuanzia saa nne, mbwa wafungwe kamba, paka waletwe ndani ya gunia, vichwa nje.

"Huyu haingii ndani ya gunia," Elmina alisema.

"Mama Mbona, ni agizo. Daktari hataki kukwaruzwa."

"Nitamshika mimi."

"Katikati ya mbwa thelathini? Na magunia mengine yote yakipiga kelele pale?"

Kipruto, bila kujua, alikuwa ameliona tatizo ambalo yeye hakuwa ameliona. Asingeweza kumpeleka paka yule kwenye banda la mizani hata kwa mikono. Pale ndipo penye ghala. Pale pangekuwa na magunia hamsini.

"Kesho kutwa ninaweka nyama," Kipruto alisema kwa sauti ya chini kidogo. "Kadi ndiyo ninayoangalia. Ukiwa na kadi, mimi sina neno."

Alhamisi Elmina alichuma kama wengine, akapimisha, kisha akasimama kwenye foleni ya chanjo mikono mitupu. Mbwa walibweka, paka walilia ndani ya magunia. Mezani alikaa kijana wa macho mekundu ya usingizi, koti jeupe, pikipiki yake nyuma, aliyejitambulisha kwa wote kwa jina la Alexander tu, bila kutaja udaktari.

"Mnyama yuko wapi, mama?"

"Yuko nyumbani."

"Hapa tunachanja wanyama waliopo."

"Ninajua. Nimekuja kukuuliza kitu. Mbona mnyama afuate sindano, na sindano ndiyo yenye pikipiki?"

Waliokuwa nyuma yake walicheka, na mmoja akasema ameanza. Alexander hakucheka. Aliweka sindano chini. "Ana nini, huyo wako?"

Elmina alimweleza yote: ghala, mto, gunia, Madaraka. Alieleza mambo manne tu na kwa maneno machache, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Kijana alisikiliza, na mwishoni akauliza swali moja.

"Uliwezaje kujua ni gunia?"

"Nilitoa kimoja kimoja mpaka kikabaki kimoja."

Alexander alimtazama kwa namna ambayo walimu wa Elmina hawakuwahi kumtazama. "Saa kumi na moja nitapita kuelekea kambi ya tano," alisema. "Dakika tano tu. Lakini utamshika wewe. Akitoroka, sitakuwa na la kufanya."

Saa kumi na moja Elmina alikuwa mlangoni, paka mapajani. Ombui alikuwa amekataa kuwasha redio. Chepchirchir alikuwa ameketi nyuma ya ua akijidai kuchambua mchele. Pikipiki ilizimwa mbali, kama Elmina alivyoomba, na Alexander alikuja kwa miguu na sanduku lake dogo. Nyuma yake alikuja Kipruto, aliyetaka kuiona kadi ikiandikwa, na chini ya kwapa la Kipruto, kwa sababu mtu mwangalifu hujiandaa, lilikuwepo gunia.

Elmina aliliona kabla halijatoa sauti. Hakuweza kupaza sauti yake mwenyewe asije akamshtua paka. Alimtazama Ombui.

Ombui aliinuka kwenye kigoda, mtu yule ambaye hakuinuka kwa ajili ya wageni wala mvua, akaenda kumpokea Kipruto kwenye kamba ya nguo akamshika bega.

"Ndugu yangu Kipruto, njoo nikuonyeshe kabichi zangu."

"Kabichi gani? Mimi nimekuja..."

"Zina ugonjwa. Wewe ni mtu wa shamba, utaniambia."

Wakageuka. Gunia likalia mara moja, mlio mfupi, mkavu.

Paka alisimama mapajani. Elmina alimwinua hapo hapo, mkono chini ya kifua, mkono chini ya nyonga, akamweka begani. Alihisi moyo wa paka ukipiga juu ya mfupa wa shingo yake, haraka kupita hesabu. Alexander hakupoteza muda. Alichutama, akabana ngozi ya nyuma ya shingo, na Elmina akaona sindano ikiingia.

Kucha zilimwingia. Zote kumi na nane zilipita kwenye rinda zikaingia begani, na Elmina akafumba macho akingoja ule msukumo wa miguu ya nyuma, ule mruko, na kishindo cha bati. Alingoja. Sindano ilikuwa imeshatoka. Alexander alikuwa akifunga sanduku.

"Amekuchana, mama," alisema. "Una damu. Mwachilie tu, kazi imekwisha."

"Nimemwachilia," Elmina alisema.

Alikuwa ameshusha mikono yote miwili. Paka alikuwa amejining'iniza begani pake kwa kucha zake mwenyewe, uso wake ameuzika ndani ya shingo ya Elmina, chini ya kitambaa cha kichwa, pale penye giza.

"Hajanichana," Elmina alisema. "Amenishika."

Alexander alitoa kadi akaandika: tarehe, kambi, paka jike, kijivu. Akamsogezea kalamu atie sahihi ya mwenyewe. Elmina alirudisha mkono mmoja chini ya nyonga za paka ili uzito usimwumize, na mwingine ukapanda wenyewe mgongoni kwake.

"Sina mkono," alisema. "Ngoja kwanza. Chepchirchir, acha huo mchele umpe mgeni maziwa."

Alexander alitazama jua, akaitazama njia ya kambi ya tano, akaketi kwenye kigoda cha Ombui.